Kimashine cha TENS: jinsi ya kukibandika, kukiset na kujua kama kinakufaa

Mi ni fundi cherehani. Miaka ya kuinama na kukanyaga pedeli imeniachia maumivu ya kiuno yanayokuja yakijisikia na kuondoka yakijisikia, na mama yangu nae magoti yamesagika, kwaiyo nyumbani kwetu kimashine cha TENS kinagombaniwa kuliko rimoti ya tv. Mwanzo nilikitumia vibaya kabisa nusura nikiuze, na naona watu wengi wanakinunua, wanakaa nacho wiki mbili, wanasema utapeli, kinaishia kabatini. Sio utapeli jamani. Ila sio dawa pia, yani hakiponyeshi kitu, kinanyamazisha maumivu kwa muda na huo muda ndo unaoununua.

Kwa asiyekijua, ni kidude kama ukubwa wa simu ya kitochi, kinatumia betri ya mraba ya volti 9 au ni cha kuchaji, kinatoa waya, na mwisho wa waya kuna pedi za kunata. Unabandika pedi kwenye ngozi, umeme mdogo sana wa kukatika katika unapita na kusisimua neva. Unasikia kama sisimizi wanatembea. Mama siku ya kwanza alisema "hawa sio sisimizi hawa, hawa siafu", lakini hiyo ni kwa sababu mtoto wake nilifungulia sana.

Kwanini sisimizi wazuie maumivu? Neva zinazobeba hisia za kuguswa ni nene na ziko fasta, zile za maumivu makali ya muda mrefu nyingi ni nyembamba na za polepole, na zote zinapita kwenye uti wa mgongo kabla ya kupanda kwenye ubongo. Chukulia mlango wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Abiria wa kuguswa wakijazana mlangoni, abiria wa maumivu anabaki kituoni, anapiga kelele lakini hapandi. Ndo maana ukijigonga kidole kwenye mguu wa kitanda mkono unaenda wenyewe kusugua. Wazo hili la mlango lilitolewa mwaka 1965 na Ronald Melzack na Patrick Wall, na miaka miwili baadae Wall na daktari wa upasuaji William Sweet wakaonyesha kwamba umeme mdogo kwenye neva unapunguza maumivu kweli, na walianza kwa kujijaribu wenyewe. Kipindi hicho hicho kule Marekani Norman Shealy alikuwa anapandikiza mashine ya umeme kwenye mgongo wa wagonjwa, na ili ajue nani itamfaa alikuwa anawapima kwanza na kifaa cha juu ya ngozi, sasa wengine wakawa wanapata nafuu na hicho cha nje tu, upasuaji wa nini tena.

Na umeme kutuliza maumivu ni mambo ya zamani mno, Scribonius Largus, tabibu wa Warumi karne ya 1, alikuwa anamwambia mwenye maumivu ya jongo asimame ufukweni akanyage yule samaki jamii ya taa anayepiga shoti mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Bora sisi tuna kitufe cha kuzima.

Kabla hujanunua, soma hapa kwanza

Kuna watu hiki kitu hawatakiwi kukigusa bila daktari kusema ndiyo. Mwenye betri ya moyo au kifaa chochote cha umeme kilichopandikizwa mwilini, huyo asikiguse kabisa. Mwenye kifafa aulize kwanza. Mjamzito asibandike tumboni, kiunoni wala maeneo ya nyonga (Uingereza kina mama wengi wanakitumia mgongoni uchungu unapoanza, lakini hilo ni la kukubaliana na mkunga wako, sio la kujiamulia chumbani). Mwenye saratani, mwenye damu iliyoganda mguuni, asibandike eneo hilo. Na mwenye ngozi iliyokufa ganzi, hasa wenye sukari ya miguu, awe makini sana, maana kama husikii huwezi kujua umefungulia kiasi gani na unaweza kuungua huku unaangalia tamthilia.

Sehemu za kutobandika kwa mtu yeyote yule ni mbele ya shingo, kichwani, karibu na macho, mdomoni, kwenye kidonda, na usibandike pedi moja kifuani nyingine mgongoni umeme ukakatiza kwenye moyo. Shingo unaruhusiwa nyuma tu. Usikitumie bafuni, ukiendesha gari au bodaboda, wala usilale nacho.

Alafu hili naomba usiliruke. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na mkojo au choo kutoka bila kujua, ganzi sehemu za siri, mguu kukosa nguvu, homa, kupungua uzito, au yaliyoanza baada ya kuanguka, hayo ni ya hospitali leo leo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo huku kwetu na kinaanza kama "kiuno kinauma" tu. Ukinyamazisha na pedi unamfukuza mlinzi aliyekuja kukuamsha mwizi yuko ndani.

Kununua

Mi nilinunua Kariakoo baada ya kuzunguka maduka ya vifaa tiba nusu siku. Tatizo la vingi vilivyopo ni kwamba vina picha tu, mkono unakanda, mkono unapiga, mguu, na namba kutoka P1 mpaka P12, hujui ndani kinatoa nini. Hivyo vinafanya kazi ila huwezi kuvidhibiti. Tafuta chenye kioo kinachoonyesha vitu vitatu, Hz (mapigo mangapi kwa sekunde), µs (kila pigo linadumu maikrosekunde ngapi) na ukali. Hivyo vitatu ukivijua umemaliza.

Angalia pia kama imeandikwa EMS badala ya TENS. EMS ni ya kukaza misuli, inafanya paja liruke lenyewe, ina kazi yake kwa wanaorudisha misuli baada ya kuumia lakini sio hii. Nyingine zina vyote viwili, hakikisha uko upande wa TENS. Na wale wanaokuja na viatu vya kutetemesha eti vinasafisha damu na kutoa sumu kwenye nyayo, waambie una haraka.

Usitengeneze mwenyewe. Najua kuna mafundi redio wakali mtaani, ila kitu kinachobandikwa mwilini hakitakiwi kuwa na njia yoyote ya kukutana na umeme wa ukutani. Hata cha kuchaji, kichaji kwanza, kichomoe, ndo ubandike.

Kubandika, hapa ndo wengi wanafeli

Ntakwambia nilichofanya siku ya kwanza. Nilichukua pedi moja nikaibandika pale pale panapouma, ya pili ikabaki inaning'inia kwenye waya kwasababu nilidhani ni ya akiba. Nikawasha, nikaongeza, nikaongeza, nikafika mwisho, hamna kitu. Nikasema hapa nimepigwa. Nikaishika ile ya pili na vidole nione kama ni mbovu, mamaaa, mkono mzima uliruka nikaangusha mkasi, mteja aliyekuja kupima suruali akatoka nje. Umeme lazima uingie pedi moja utokee nyingine, kwaiyo kila waya pedi zake mbili zote ziwe ngozini, na mashine iwe IMEZIMWA wakati unabandika na wakati unabandua. Na usiguse kama nilivyofanya mimi, umeme ulipita kiunoni mpaka mkononi, hiyo njia sio nzuri hata kama ni betri ndogo.

Ngozi iwe safi na kavu. Hili kwetu ni shughuli, maana tunajipaka mafuta ya nazi na vaseline toka tuko wachanga, na pedi haipendi mafuta hata kidogo. Osha na maji na sabuni, kausha, subiri jasho likate. Kama ulijichua na dawa ya kuchua zile za moto au za pilipili, ioshe yote kwanza, ukibandika juu yake utajuta. Nywele nyingi zipunguze na mkasi, usinyoe na wembe siku hiyo hiyo ngozi itawasha.

Sasa wapi. Lengo ni umeme upite kwenye eneo linalouma, kwaiyo pedi zinazunguka maumivu, sio lazima zikae juu ya maumivu. Kati ya pedi na pedi acha nafasi angalau ya upana wa pedi moja, zikigusana umeme unapita njia ya mkato juu juu hapo utasikia kuchomwa tu.

Kiuno: pedi nne, mbili kila upande wa uti wa mgongo, moja juu ya panapouma moja chini yake, kwenye nyama, sio juu ya mfupa wenyewe wa uti. Mi peke yangu sifiki vizuri nyuma, nasimama na mgongo kwenye kioo cha wateja nachungulia kwa bega. Kama maumivu yanashuka mguuni, weka pedi moja kiunoni upande huo na nyingine kwenye tako au nyuma ya paja yanapopitia.

Goti: mbili juu ya goti kushoto na kulia, mbili chini yake, alafu waya upishanishe, wa juu kushoto uende chini kulia, upate kama alama ya X inayokutana gotini. Mama tulipoweka mbili tu upande mmoja alisema anasikia nje, ndani bado panauma. Tulipopishanisha akanyamaza, na mama yangu kunyamaza ni jibu.

Bega: moja mbele moja nyuma, ila zote zikae begani, zisishuke kifuani.

Tumbo la hedhi: mdogo wangu wa kike anabandika mbili chini ya kitovu, au mbili kiunoni. Hapa ni moja ya sehemu ambazo tafiti zimeonyesha TENS ya mapigo ya haraka inasaidia kuliko mashine geresha (ya kuigiza tu, haitoi umeme wa kutibu), na kwa dada ambaye kila mwezi anameza vidonge mpaka tumbo linauma kwa vidonge, sio kitu kidogo. Hakikisha tu sio mimba.

Kuiset

Anza hivi: 100 Hz, µs kati ya 100 na 200, ukali sifuri. Washa, panda taratibu kituo kimoja kimoja. Utafika mahali utaanza kusikia kidogo, usiishie hapo. Endelea mpaka iwe kali ila haiumi, yani unaisikia kisawasawa na huwezi kuisahau, lakini hukunji uso. Hii ndo siri ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya kichina iliyokuja na boksi. Wanaosema haifanyi kazi wengi wanaiacha kwenye kanong'ono, wanaogopa. Kanong'ono hakajazi daladala.

Baada ya dakika tano kumi mwili unazoea, sisimizi wanapungua. Hawajaondoka, neva imezoea, panda tena kidogo. Misuli ikianza kuruka na hutaki, shuka. Ukisikia kuchoma kama sindano ya moto sehemu moja, zima, angalia pedi, mara nyingi imebanduka kona au imekauka umeme wote unapita kwenye kipande kidogo.

Muda, nusu saa mpaka saa moja, alafu bandua uangalie ngozi. Wekundu kidogo unaopotea ni kawaida, malengelenge au wekundu wa kukaa hapana. Unaweza kurudia mara kadhaa kwa siku, badilisha kidogo mahali pa pedi.

Kuna staili ya pili, mapigo ya polepole, 2 mpaka 4 Hz, µs 200 na zaidi, hapa unapandisha mpaka uone nyama inadunda tap, tap, tap. Sio tamu kivile, dakika 20 mpaka 30 inatosha. Hii kazi yake ni kufungulia dawa za maumivu ambazo mwili unazitengeneza wenyewe, na nafuu inaweza kuendelea hata baada ya kuzima, wakati ile ya 100 Hz nafuu kubwa ni ikiwa imewashwa na muda mfupi baadae. Mi natumia ya haraka nikiwa nashona, ya polepole jioni. Ila mtu anayetumia mofini au tramado (zile dawa kali za maumivu) kwa muda mrefu ya polepole inaweza isimsaidie sana, kwasababu inapita mlango ule ule ambao dawa yake imeshauchosha, huyo akae kwenye ya haraka.

Ukitumia set moja kila siku mwili unaizoea na nafuu inashuka. Badilisha badilisha, leo ya haraka kesho ya polepole, au tumia ile programu inayochanganya yenyewe kama mashine yako inayo. Na kuna utafiti mdogo ulionyesha kahawa inapunguza nguvu ya TENS, kwaiyo kama wewe ni wa vijiweni vikombe vinne kabla ya saa nne, jaribu kubandika kabla ya kahawa uone kama kuna tofauti. Mi ni mtu wa chai ya tangawizi siwezi kuwasemea.

Utajuaje kama inakufaa

Hapa wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2022 kulitoka uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio 381, ukaonyesha maumivu yanashuka wakati wa kutumia au mara baada ya kutumia ukilinganisha na mashine geresha. Upande mwingine NICE, ile taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, toka 2016 inasema isitolewe kwa maumivu ya kiuno. Nilipoisoma hiyo nilikasirika maana kiuno changu hakijui Kiingereza, lakini ukikaa ukafikiria wana pointi, majaribio mengi ni ya watu wachache na nafuu ni ya muda. Maoni yangu mimi fundi ni kwamba kitu cha bei ya mara moja kisicho na madhara makubwa ukifuata masharti kinastahili kujaribiwa, ila kwa daftari, sio kwa hisia.

Chukua daftari, kabla ya kuwasha andika maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, ukiwa nacho nusu saa andika tena, saa moja baada ya kuzima andika tena. Fanya wiki mbili. Langu lilikuwa linatoka 7 kwenda 4, likarudi 6. Sio muujiza. Ila kwenye hiyo 4 naweza kuinama, na hapo ndo fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) aliyenifundisha alinikazia, hiyo nusu saa usikae kwenye kochi unafurahia sisimizi, tembea, fanya yale mazoezi ya kiuno ambayo siku zote unasema yanauma, panda ngazi. Mama anafunga pedi gotini anazunguka nyumba mara kumi na waya zikiwa zimechomekwa kwenye kanga, anaonekana kama anapeleleza. Miezi mitatu sasa anaenda sokoni mwenyewe na anarudi bila kubebewa kikapu, na mi naamini ni kule kuzunguka nyumba, pedi zimemfungulia njia tu.

Kama wiki mbili namba hazijasogea na umebadilisha mahali pa pedi na ukali umefikisha kweli, basi hakikufai, muuzie mwenzako usijilaumu.

Pedi zitakumaliza pesa usipozitunza

Mashine inadumu, pedi ndo zinakufa. Kwa kawaida zinaenda matumizi 20 mpaka 30, na vumbi letu hili zinaweza kufa kabla. Ukimaliza zirudishe kwenye ile plastiki yake ya uwazi, kwenye mfuko uliofungwa, mahali pa baridi, zisikae kwenye dashibodi wala dirishani. Ubandue kwa kushika ukingo wa pedi, usivute waya, waya ikikatika ndani umeme unakuja na kukata, unakurukia. Zikianza kukosa kunata lowesha kidole na maji kidogo upake upande wa gundi, subiri dakika mbili zitafufuka kwa siku kadhaa. Zikiwa nyeusi, zimekauka, zinabanduka kona, tupa, usizifunge na plasta ya kawaida eti zishike.

Na pedi ni kama mswaki, kila mtu zake. Jirani yetu alikuja juzi kuazima ana bega, mama akampa mashine na waya vizuri kabisa, akamwelekeza mpaka mahali pa kubandika. Alipouliza pedi akaambiwa zinauzwa Kariakoo.